Chipu za mashine za ngoma: nakili kwanza, ubishi baadaye

Tangu vifaa vidogo vya kusomea chipu vianze kuonekana kwenye meza za mafundi wa redio na vinanda hapa Mtwara mjini, maprodyuza wamepata ubishi mpya. Kifaa chenyewe hakina makuu: kiboksi cha kutosha kiganjani, chenye soketi, kishikio cha kubana pembeni na waya wa USB wa kuchomeka kwenye laptop. Mtu analeta mashine ya ngoma ya miaka ya 1980, yaani kifaa cha umeme kinachopiga sauti za ngoma, ile iliyokuja na wafadhili wa kwaya au aliyoiacha mtu aliyewahi kuishi Ulaya, na fundi anachomoa chipu yenye sauti ya snea (ngoma ndogo ya mlio mkali), anaisoma na kuandika nyingine ya kufanana nayo. Wapo wanaosema huo ni uharamia mtupu. Wapo wanaoshangilia kwamba sasa mashine yoyote ya zamani inapatikana bure, mradi faili limepatikana. Na lipo kundi la tatu, la wakongwe wa studio, linaloapa kwamba kopi haiwezi kulia kama chipu ya kiwandani.

Kwa maoni yangu makundi yote matatu yanabishania upande usiohusika. Mwenye mashine ya namna hiyo anatakiwa kuzinakili chipu zake sasa, zikiwa bado zinafanya kazi, kabla hajagusa kingine chochote ndani yake. Hayo ni matengenezo kama kubadilisha kapasita za pawa saplai. Lakini faili si mashine, na kuwa nalo hakumpi mtu ruhusa ya kufungua duka la sauti za wengine. Tukichanganya mambo hayo, tutaendelea kutukanana vijiweni huku chipu zinafutika.

Turudi nyuma kidogo. Si kila mashine ya ngoma ina rekodi ndani. TR-808 ya Roland, iliyotoka mwaka 1980 na ambayo kiki yake, yaani ngoma nzito ya chini, imeenea kwenye bongo fleva mpaka leo, hutengeneza sauti zake kwa transista, vipinga na kapasita. Anayemwomba fundi amnakilie chipu ya sauti za 808 anaomba kitu ambacho hakipo. Mwaka huohuo Mmarekani Roger Linn alileta LM-1, mashine ya kwanza kuuzwa ikiwa na sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa kidijiti. Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000 za wakati ule, na kumbukumbu ilikuwa ghali kiasi kwamba haikuwekewa matoazi ya krashi na raidi kabisa, kwa sababu toazi huvuma muda mrefu na kila sehemu ya sekunde ilikuwa pesa. LinnDrum ya mwaka 1982 iliyaongeza matoazi na kushusha bei hadi karibu dola 3,000. Kukawa na DMX ya Oberheim, na Drumulator ya E-mu ya mwaka 1983 ikauzwa chini ya dola 1,000, kisha Drumtraks ya Sequential. Roland nao, kwenye TR-909 ya mwaka 1983, walichanganya: kiki na snea zinatoka kwenye saketi, haihati na matoazi yanatoka kwenye kumbukumbu.

Nyingi kati ya hizo zilihifadhi rekodi zake kwenye EPROM, aina ya chipu iliyobuniwa na Dov Frohman akiwa Intel mwaka 1971. Kila sifuri na kila moja ndani yake ni suala la chaji ndogo ya umeme kuwepo au kutokuwepo kwenye kisehemu cha silikoni kilichozungushiwa kihami pande zote. Chaji huingizwa kwa volti kubwa na ikishaingia haina pa kutokea kirahisi. Kuifuta ni kuimulika kwa taa ya urujuanimno, dakika 15 hadi 20 hivi, kupitia kidirisha cha kioo kilicho mgongoni mwa chipu. Ndiyo maana chipu hizi hubandikwa stika juu, na fundi anayeibandua stika hiyo ili asome namba iliyo chini yake kisha asiirudishe anafanya kosa ambalo mteja wake hataligundua leo wala kesho.

Watengenezaji hawakuahidi umilele. Walizungumzia miaka kumi na kuendelea, na kwa kweli chipu nyingi zimewazidi ahadi. Lakini mashine tunazozizungumzia zimepita miaka 40, na joto huongeza kasi ya chaji kuvuja. Kuhusu mwanga, maelezo ya Intel yenyewe kwa chipu ya 2716 yanasema kidirisha kikiachwa wazi, taa za tyubu za chumbani zinaweza kuifuta kwa takriban miaka mitatu, na jua la moja kwa moja kwa takriban wiki moja. Sasa fikiria desturi yetu. Masika yameingia, paa limevuja juu ya spika na mikisa ya kanisa, na kitu cha kwanza tunachofanya ni kufungua vifuniko na kuvianika juani. Radio haidhuriki kwa hilo. Mashine ya ngoma ambayo stika zake zimebanduka inafutwa polepole na watu wenye nia njema kabisa.

Niliwahi kukaa karibu na meza ya fundi mmoja pale Chikongola akiwa amefungua mashine ya aina hiyo. Gundi ya stika mbili ilikuwa imekauka na stika zimeteleza pembeni, kidirisha kiko wazi. Ukiinamisha bodi kwenye mwanga unauona mraba wa silikoni, mdogo kuliko punje ya mchele, na nyuzi nyembamba zikitoka kwake kwenda miguuni. Miguu yenyewe ilikuwa myeusi kwa hewa ya chumvi. Akainyanyua chipu kwa bisibisi bapa, upande huu kidogo, upande ule kidogo, akaisoma, akahifadhi faili, akaisoma tena. Faili mbili hazikulingana: baiti moja, yaani namba moja kati ya maelfu yaliyomo, ilitofautiana. Mwingine angetangaza kwamba chipu imekufa. Yeye alichukua kifutio cha penseli, akaisugua miguu mpaka ikang'aa, akasoma tena na tena, na safari hii kila usomaji ulitoka sawa na mwenzake. Hitilafu ilikuwa kwenye mguso wa miguu na soketi, kumbukumbu ilikuwa nzima. Angesoma mara moja tu na kuridhika, angehifadhi kosa na kuliita nakala.

Sasa tuje kwenye hoja. Ya kwanza ni ya wizi, na inastahili kujibiwa kwa uangalifu kwa sababu ina ukweli ndani yake. Ndani ya mashine moja kuna vitu vitatu ambavyo watu huvitupa kwenye kapu moja. Kuna programu inayoiendesha mashine, mara nyingi ikiendeshwa na prosesa ya Z80. Hiyo inalindwa bila shaka: mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Apple dhidi ya Franklin, iliamua kwamba programu iliyo ndani ya ROM, yaani chipu ya kumbukumbu ya kusomwa tu, ina hakimiliki kama programu nyingine. Kuna rekodi za sauti, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatambua haki za watayarishaji wa rekodi kama inavyotambua za watunzi. Halafu kuna mchoro wa chipu yenyewe, jinsi saketi zake zilivyopangwa, ambao Marekani iliutungia sheria ya pekee mwaka 1984 na kuupa ulinzi wa miaka 10 tu. Anayesema kampuni zinalinda chipu zao milele amechanganya mchoro na yaliyomo.

Kwa hiyo yaliyomo yana mwenyewe. Lakini je, mwenye mashine anayehifadhi nakala ili siku chipu ikifutika aweke nyingine, amemnyang'anya nani nini? Mtengenezaji hauzi tena chipu hiyo. Hakuna mauzo yaliyopotea, hakuna mashine ya pili iliyozaliwa. Na waliozibuni mashine hizi walijua chipu zitachomolewa: Linn na wenzake waliziweka kwenye soketi, na chipu za sauti mbadala ziliuzwa ili mwenye LinnDrum abadilishe snea akitaka. Kumwita mtu huyo mharamia ni kulitumia neno zito mahali pepesi, na siku mharamia wa kweli akija tutakosa jina la kumpa.

Ila upande wangu nao una hoja mbovu, pengine mbovu kuliko zote, na inasemwa kila siku: kampuni ilishakufa, sauti sasa ni za bure. Si kweli. Linn Electronics ilifunga mwaka 1986, sawa. Lakini Sequential ilinunuliwa na Yamaha mwaka 1987, na mwaka 2015 Yamaha ikamrudishia mwanzilishi wake, Dave Smith, jina lile, nalo likarudi kwenye bidhaa mpya. Kampuni ikifa, mali zake hazifi nayo. Zinanunuliwa, zinarithiwa, zinakaa kimya kwenye kabati la mtu mpaka siku zikihitajika. Na Roland haijafa hata kidogo, inauza sauti za mashine zake za zamani kama programu mpaka leo. Kijana anayechoma chipu zenye sauti za 909 na kuziuza Lindi kwa bei ya kutupa hahifadhi chochote. Anafanya biashara kwa kazi ya watu ambao bado wako sokoni, na hoja ya kampuni iliyokufa haimwokoi.

Hoja ya wakongwe, kwamba kopi inabadilisha sauti, ningeipita haraka kama isingekuwa na chanzo cha kuvutia. Kwa upande wa tarakimu hakuna ubishi: faili likilingana baiti kwa baiti, chipu mpya inaipa mashine namba zilezile na mashine inatoa sauti ileile. Mbona basi watu wazima wenye masikio mazuri wanaapa kwamba wamesikia tofauti? Kwa sababu wengi wao hawakuisikia kopi ikiwa ndani ya mashine. Waliliburuta faili kwenye programu ya kompyuta, wakapata snea yenye mchakacho wa mchanga ndani yake, wakahukumu. Kumbe kwenye LinnDrum na DMX, namba za baiti moja moja hazikupangwa kwa ngazi zinazolingana. Karibu na ukimya ngazi ni ndogo, na kadiri sauti inavyokuwa kubwa ngazi zinapanuka, ili baiti moja ibebe upana wa sauti ambao kwa kawaida ungehitaji zaidi. Kazi ya kuzirudisha ngazi hizo mahali pake inafanywa na chipu nyingine kwenye bodi, AM6070. Kompyuta isiyoambiwa hilo inazisoma namba kana kwamba ngazi zote ni sawa, na kinachotoka ni sauti iliyovurugika.

Kuna zaidi. Faili halisemi sauti ichezwe kwa kasi gani. Kwenye mashine kasi hiyo inatoka kwenye saketi ya saa, na mara nyingi kuna kitufe cha kuizungusha, ndiyo maana snea moja ya LinnDrum inasikika nyembamba kwenye wimbo mmoja na nzito kwenye mwingine. Baada ya hapo kuna vichujio vya analojia, kapasita zilizochoka, pawa saplai inayopandisha na kushusha kila umeme unapokatika na kurudi. Nusu ya sauti tunayoipenda iko huko, nje ya chipu. Kwa hiyo wakongwe wamepatia kwamba faili si mashine, ila wamemkamata mtu asiye na hatia. Wanaoshangilia mashine za bure ndio wanaopaswa kuisikiliza hoja hii zaidi.

Hoja nzito kuliko zote kwangu ni ya yule mama au mzee anayesema: inafanya kazi, iacheni. Namwelewa. Chipu yenye miguu iliyoliwa na kutu inaweza kuachia mguu mmoja ndani ya soketi. Fundi mwenye haraka anaweza kuirudisha ikiwa imegeuka, kipembe cha alama kikitazama upande usio wake, na ukiwasha umeiunguza. Na soketi za zamani zikishachomolewa chipu mara moja, wakati mwingine hazibani tena. Hatari hizi ni za kweli na sizipuuzi. Lakini zipime dhidi ya namna EPROM inavyokufa. Haifi kwa kishindo. Inapoteza chaji mahali pamoja, namba moja kati ya maelfu inageuka. Ikiwa ni tarakimu ya mwisho ya baiti, hutasikia kitu. Ikiwa ni ile inayobeba alama ya chanya na hasi, kiki inakuwa na mlio wa kugonga katikati yake, na kwaya inazoea, inadhani ndivyo mashine ilivyo. Siku unapoamua kunakili, unanakili chipu iliyokwishaharibika na huna cha kulinganisha nacho. Nakala inayofaa ni ile iliyochukuliwa wakati hapakuwa na sababu dhahiri ya kuichukua.

Tena kusoma na kuandika ni kazi mbili zenye hatari tofauti, na hapa ndipo ubishi wetu ungepungua sana kama watu wangemuuliza fundi. Kusoma kunatumia volti 5 za kawaida. Ukichagua aina sahihi ya chipu kwenye programu huidhuru. Kuandika ndiko kunakohitaji volti kubwa: 25 kwa aina za chipu ziitwazo 2716 na 2732 ya kwanza, 21 kwa 2732A, na ukiipa 2732A volti 25 umeiua. Viboksi vingi vya bei nafuu havifiki 25 kabisa. Maana yake fundi wa hapa anaweza leo hii kuzisoma chipu zote za mashine yako na kukupa faili kwenye flashi, hata kama hawezi kuchoma hata moja. Chipu tupu za zamani nazo hazitengenezwi tena. Zinazouzwa mtandaoni nyingi zimechomolewa kwenye bodi nyingine, baadhi zimefutwa maandishi na kuandikwa namba za uongo. Hilo ni tatizo la siku ya kuandika, na siku hiyo inaweza kusubiri. Kusoma hakusubiri.

Kwa wenye mashine kama TR-707, zenye kumbukumbu iliyochongwa kiwandani badala ya kuhifadhi chaji, presha ni ndogo. Jua haliifuti. Ila ikiungua hakuna ya kuinunua, kwa hiyo faili bado lina kazi.

Nikiwa napendekeza mafundi wakubaliane jambo, ningeanza na haya: kila chipu isomwe mara mbili baada ya kusafishwa miguu, faili lipewe jina la mashine, namba yake na nafasi ya chipu kwenye bodi, stika mpya isiyopitisha mwanga ibandikwe hapohapo, na flashi akabidhiwe mwenye mashine. Fundi asibaki na faili kwa ajili ya kumwuzia mteja mwingine. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kitakachowaudhi baadhi ya rafiki zangu, kwa sababu mkusanyiko wa faili umeanza kuwa mtaji.

Na hapo ndipo suala hili linapotugusa watu wa kusini kwa namna ambayo sijasikia ikizungumzwa. Kiboksi kinachosoma snea ya California kinaweza pia kuandika ngoma ya Newala. Wapo walioanza kuliwaza: rekodi ngoma za sindimba, zikate, zibadilishe ziwe kwenye ngazi zile za AM6070, zichome, na LinnDrum ya mwaka 1982 iongee Kimakonde. Kiufundi inawezekana, pamoja na kero zake. 2732 ina baiti 4,096. Kwa kasi ya sampuli (vipimo vya sauti, kimoja kwa kila baiti) 28,000 kwa sekunde, kama ya LM-1, hiyo ni takriban sehemu ya saba ya sekunde. Ngoma ya ngozi iliyowambwa na kukazwa motoni inavuma zaidi ya hapo. Chipu kubwa zaidi, 27256, ingekupa zaidi ya sekunde moja, lakini ina miguu 28 na haiingii kwenye soketi ya miguu 24. Utakata mvumo, au utatafuta mashine yenye nafasi kubwa zaidi. Ningependa kuisikia hata ikiwa imekatwa.

Lakini tujiulize maswali yaleyale tuliyowauliza maharamia. Mpiga ngoma aliyerekodiwa kwa ajili ya LM-1 anajulikana kwa jina, Art Wood, mwanamuziki wa studio wa Los Angeles. Sheria yetu ya mwaka 1999 ina sehemu nzima inayolinda sanaa za jadi zisitumike kibiashara bila idhini, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ndilo lililopewa kazi hiyo. Faili la kilobaiti nne linasambaa kwa WhatsApp kwa sekunde, na likishaingia kwenye mkusanyiko wa sauti za maprodyuza wa Dar es Salaam au Berlin hakuna atakayejua lilitoka kijiji gani, wala nani alikuwa ameshika ngoma. Wanaopiga kelele kuhusu haki za Roland, kampuni yenye mawakili wake, wangeanza na karatasi moja ya makubaliano kati ya prodyuza na kikundi cha ngoma, inayotaja majina ya wapigaji, matumizi yaliyoruhusiwa na mgawo wao sauti ikiuzwa. Kwa sasa wapigaji hao hupewa nauli na soda, na prodyuza huondoka na faili.